Mzazi si Mfuko wa Michango: Nani Anaongoza Darasa la Awali?

Vijana wenzangu, leo naomba tushuke chini kidogo. Tumezoea kubishana kuhusu tume ya uchaguzi, Katiba Mpya, deni la taifa na mikataba ya bandari. Hayo ni mambo makubwa na tutaendelea nayo. Lakini kipo chombo kimoja kidogo, kiko dakika chache kutoka nyumbani kwa wengi wetu, kinashika fedha za umma, kinaamua mambo ya watoto wa miaka 5, na sisi tunakipita kila siku kana kwamba hakituhusu. Chombo hicho ni kamati ya shule. Na ndani ya shule ipo kona ambayo hata kamati yenyewe huisahau: darasa la awali.

Hoja yangu ni fupi. Wazazi wa darasa la awali wanachanga, wanajenga, wanapika uji na wanasaini mahudhurio, lakini hawaongozi. Wakipewa nafasi ya kuamua, nafasi iliyoandikwa kwenye sheria na siyo ya kuombwa kwa hisani, watoto watafaidika, walimu watapumua, na nchi itapata wananchi waliozoea kuhoji. Kwa sisi wa upinzani, hapa ndipo demokrasia inapoanzia, mapema kabla ya kura ya diwani na mbunge.

Hali ilivyo

Tuanze na yale ambayo Serikali yenyewe inayasema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, pamoja na toleo lake la 2023, inatambua mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Kila shule ya msingi inatakiwa iwe na darasa la awali. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu Januari 2016 tunaambiwa elimumsingi ni bila ada, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoisikia kama PJT-MMMAM. Mkopo wa Uviko-19 kutoka IMF ulijenga madarasa 15,000, na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi, ambako watoto wadogo wengi wanasoma kwa sababu shule mama iko mbali. Kisha ukaja mradi wa BOOST, Dola milioni 500 za Benki ya Dunia, kama shilingi trilioni 1.15, kwa ajili ya awali na msingi.

Sisi hatupingi madarasa. Mtoto aliyekuwa anasoma chini ya mwembe akipata ukuta na bati, tunafurahi pamoja na mzazi wake, hata kama bango la mradi lina picha ya mtu ambaye hatukumpigia kura. Swali letu ni nani anaamua baada ya utepe kukatwa.

Maana ukiingia ndani ya darasa hilo, mambo ni mengine. Sera inasema watoto 25 kwa mwalimu, lakini yapo madarasa ya awali yenye watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja. Kwenye vituo shikizi vingi mwalimu huyo ni wa kujitolea, kijana aliyemaliza kidato cha nne au chuo, na posho yake inatoka mifukoni mwa wazazi. Uji ni wa wazazi. Mkaa au kuni ni za wazazi. Mpishi ni wa wazazi. Mkeka, kikombe, sare, mlinzi, vyote ni wazazi. Tuliambiwa ada imekufa. Jina kweli limekufa, lakini watoto wake wako hai.

Nifanye hesabu ya mfano tu. Chukua darasa la watoto 80. Kila mzazi anatoa shilingi 500 kwa wiki kwa ajili ya uji. Hiyo ni shilingi 40,000 kwa wiki. Kwa wiki 36 za masomo ni shilingi 1,440,000. Sasa ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa msingi tunaambiwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Hata kama kila mtoto wa darasa hilo angehesabiwa na hela yote ifike shuleni bila kukatwa ya vitabu, ni shilingi 800,000. Kwa maana hiyo, kwa uji peke yake, mama ntilie na bodaboda wa mtaa huo wanaweka hela karibu mara mbili ya inayowekwa na Serikali. Kwenye kampuni yoyote, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kiti. Kwenye darasa la awali, mwenye hisa nyingi anaambiwa asubiri nje.

Mzazi anaitwa lini?

Anaitwa kuchangia, na anaitwa mtoto akikosea. Basi.

Jirani yetu mmoja anauza vitumbua. Mtoto wake yuko awali. Mwaka jana aliitwa kikao cha wazazi siku ya Jumanne saa 3 asubuhi, muda ambao biashara yake ndiyo imechanganya. Alifunga meza akaenda. Ajenda ilikuwa imeshachapwa, kiwango cha mchango kimeshapangwa, na walioruhusiwa kuuliza ni wawili. Mwisho wa kikao ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Wiki mbili baadaye alipouliza kwa nini mchango umepanda, alionyeshwa karatasi ileile kwamba wazazi walikubali na saini zao hizi hapa. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nilisaini kwamba nimefika. Sikusaini kwamba nimekubali."

Ndugu msomaji, ukitaka kuelewa tatizo la ushirikishwaji wa wananchi Tanzania, rudia sentensi ya mama huyo. Sisi tunaosoma sheria tunafundishwa kwamba ridhaa lazima iwe huru na mtu awe na taarifa. Kufika siyo ridhaa. Kukaa kimya siyo ridhaa. Kusaini karatasi ya mahudhurio ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba ulikuwepo.

Na tusimlaumu mwalimu mkuu peke yake. Naye ana mkurugenzi juu yake, ana afisa elimu kata, ana mwenge unakuja, ana mkaguzi, ana watoto 100 na ndoo mbili za maji. Mwalimu wa awali naye ndiye anayepokea hasira za kila mzazi kuhusu maamuzi ambayo hakuyafanya. Utaratibu unaomnyima mzazi sauti unamwacha mwalimu bila mtu wa kumtetea. Mzazi anayejua kwamba hela ya chaki haijafika ataenda kudai kwa halmashauri. Mzazi asiyejua ataenda kumgombeza mwalimu.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya 1977 inasema mamlaka ni ya wananchi na kwamba wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kujielimisha. Maneno mazuri sana. Tatizo ni kwamba ibara hizo ziko kwenye Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7(2) inazifungia mlango: mahakama haina uwezo wa kuzitekeleza. Ndiyo maana kila tukisema Katiba Mpya tunamaanisha vitu vya namna hii. Mkijiuliza Katiba Mpya italeta uji, jibu ni kwamba itampa mama wa vitumbua mahali pa kushitaki.

Hata hivyo hatujaachwa mikono mitupu. Ibara ya 21(2) iko kwenye Sehemu ya Tatu, sehemu ya haki zinazodaiwa mahakamani. Inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Sasa niambieni, kuna jambo linalomhusu mzazi kuliko mahali mtoto wake wa miaka 5 anapokaa saa nne kila siku? Na Ibara ya 146 inasema waziwazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka. Haikusema kupeleka matangazo.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, ya mwaka 1978, ndiyo msingi wa kamati za shule. Ilitungwa wakati darasa la awali halikuwa jambo la kawaida kwenye shule zetu, na mpaka leo mzazi wa awali anachukuliwa kama mpita njia. Mtoto wake anakaa mwaka mmoja, kisha anahamia darasa la kwanza. Wazazi wanaoingia kwenye kamati mara nyingi ni wa madarasa ya juu, wanaofikiria mtihani wa mwisho. Ikibidi kuchagua kati ya kambi ya darasa la mtihani na choo kidogo cha watoto wa awali, choo kinasubiri.

Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Wengi hawajui kwamba raia anaweza kuandika barua kuomba taarifa kutoka kwenye taasisi ya umma, na taasisi hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Shule ya umma inatumia fedha za umma. Barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe na saini ya mpokeaji, ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima kwenye kundi la WhatsApp.

Kuna mtego mmoja lazima niutaje. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, sasa anayekwenda mahakamani lazima aape kwamba ukiukwaji umemgusa yeye binafsi. Lengo la mabadiliko yale wote tunalijua: kuwazuia wanaharakati kufungua kesi kwa niaba ya umma. Lakini tazama upande wa pili. Mzazi mwenye mtoto darasani hahitaji kuazima machungu ya mtu. Yameshamgusa. Ndiyo maana mzazi aliyejipanga, mwenye barua zake na mihtasari yake, ni mtu ambaye sheria ile haiwezi kumfukuza mlangoni.

Tulikotoka

Kuna watu watasema haya ni mambo ya wafadhili. Si kweli. Miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ilipokuwa inawaacha nje watoto wengi wa Kiafrika, wazazi wa Tanganyika waliunda umoja wao, TAPA, uliosimama pamoja na TANU. Walichanga, wakajenga, wakafungua shule. Hawakusubiri mtu awaambie wameelimika kiasi cha kuongoza shule. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, isiwe kisiwa.

Sasa angalieni kilichotokea. TAPA ikawa jumuiya ya chama tawala, na leo neno wazazi, kwa maana ya chombo chenye ofisi, bendera na katibu, ni Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Yaani wazazi wa nchi nzima, wenye vyama na wasio na vyama, neno lao limevaa sare ya kijani. Chombo kilichozaliwa na wazazi wa kawaida kupigania watoto kikageuka ngazi ya watu kupandia kwenye uongozi wa chama. Hili si tusi, ni historia, na ni onyo kwetu pia, kama nitakavyosema mbele.

Wenzetu walifanyaje?

Mwaka 1965 Marekani ilianzisha Head Start, programu ya elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini. Sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini ilikuwa imetaka wanaohudumiwa washiriki kwa kiwango kikubwa iwezekanavyo kwenye miradi yao. Watu walilichukulia hilo kwa uzito, hasa Mississippi. Huko wananchi weusi, wengine wakulima na wafanyakazi wa ndani, walifungua makumi ya vituo vya watoto na wakaviendesha wenyewe kupitia Child Development Group of Mississippi. Mama aliyekuwa anafua nguo za watu akawa mjumbe anayeamua bajeti.

Unajua wanasiasa walifanya nini? Waliingiwa na hofu. Seneta John Stennis wa jimbo hilo akakazania uchunguzi wa hesabu, na mwaka 1966 fedha zikaelekezwa kwa kikundi kingine. Baada ya kelele za nchi nzima, sehemu ya fedha ilirudishwa. Somo ni moja: watawala hawaogopi mzazi anayepika uji. Wanamwogopa mzazi anayeuliza unga umenunuliwa kwa nani.

Lakini wazo lenyewe halikufa. Leo sheria ya Head Start, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007, inataka kila taasisi inayoendesha programu iwe na baraza la sera. Wengi wa wajumbe lazima wawe wazazi wa watoto waliopo darasani kwa wakati huo, na wanachaguliwa na wazazi wenzao. Baraza linapitia bajeti, utaratibu wa kuandikisha watoto na sera za ajira za watumishi. Mtumishi wa programu haruhusiwi kujificha humo kama mjumbe. Ujumbe ni wa mwaka mmoja mmoja na una ukomo. Wajumbe wenye kipato kidogo wanarudishiwa gharama kama nauli, ili umaskini usiwe sababu ya kukosa kikao. Lazima wapewe mafunzo. Na baraza likigongana na bodi, lazima uwepo utaratibu ulioandikwa wa kusuluhisha. Bodi yenyewe lazima iwe na mtu wa hesabu, mtaalamu wa elimu ya awali na mwanasheria.

Sisemi tuige kila kitu. Marekani ina matatizo yake, na Head Start inalenga hasa watu wa kipato cha chini, wakati sisi tunasema darasa la awali ni la kila mtoto. Ninachosema ni kwamba walikaa chini wakajiuliza mzazi maskini anazuiwa na nini, wakaandika jibu kwenye kanuni: nauli, mafunzo, wingi wa viti, ukomo, usuluhishi. Sisi tumeandika neno "ushirikishwaji" tukaenda chai.

Watakaopinga

Watasema wazazi wetu hawajasoma. Mbona kwenye ujenzi wa force akaunti wanaaminiwa? Pale kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinaundwa hapohapo shuleni, na wananchi wanahesabu mifuko ya saruji, nondo na mabati. Kama mzazi anaweza kupokea tani za saruji na kusaini, anashindwa nini kupokea kilo za unga wa lishe? Na vikoba vyote vya nchi hii, vinavyotunza mamilioni bila mhasibu, vinaendeshwa na nani kama si mama hawahawa?

Watasema wazazi hawaji vikaoni. Kweli, wengi hawaji. Ukiita watu Jumanne saa 3 asubuhi kuwaambia jambo lililokwisha kuamuliwa, wakija utashangaa. Ita Jumapili jioni, soma mapato na matumizi, ruhusu kura, halafu tuongee.

Watasema wazazi watawaingilia walimu kwenye ufundishaji. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni mipaka. Mzazi asiamue herufi ipi ifundishwe kwanza. Hiyo ni taaluma. Lakini bajeti, usalama, chakula, maji, choo, muda wa kufungua na kufunga, posho ya mwalimu wa kujitolea na adhabu kwa watoto ni mambo ya uongozi, na hapo mzazi ana kiti. Mtoto wa miaka 5 akichapwa, hakuna taaluma inayomzuia mama yake kuuliza.

Na watasema, kwa kuwa sisi ni upinzani, tunataka kuingiza siasa shuleni. Jamani. Siasa zimo tayari. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wetu walienguliwa kwa wingi na chama tawala kikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 wakatangaza zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Viongozi wa mtaa hao hao ndio wanaokaa meza ya mbele kwenye vikao vya shule. Mzazi anapoinua mkono kuuliza mchango, anajibiwa na mtu aliyepita bila kupingwa, ambaye hajazoea kupingwa. Tunachotaka ni kinyume cha kuingiza siasa: tunataka kiti cha mzazi kiwe cha mzazi.

Tunadai nini

Kwanza, Sheria ya Elimu na kanuni zake zirekebishwe ili kila darasa la awali na kila kituo shikizi kiwe na kamati yake ndogo ya wazazi, na kamati ya shule iwe na viti visivyopungua viwili vya wazazi wa awali, waliochaguliwa kwa kura ya siri na wazazi wa watoto waliopo darasani. Mtoto akihama, kiti kinarudi kupigiwa kura.

Pili, hakuna mchango wowote wa awali utakaokusanywa bila azimio la maandishi la wazazi, tofauti na karatasi ya mahudhurio. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na wote tunajua michango ilirudi kwa mlango wa nyuma. Marufuku ya mdomo haijengi mfumo. Kanuni inayompa mzazi kura ndiyo inayojenga. Na mtoto asirudishwe nyumbani hata siku moja kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Tatu, mapato na matumizi ya darasa la awali yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwezi, kwa Kiswahili chepesi, na yasomwe kwa sauti kikaoni kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Nne, vikao viwekwe muda ambao mtu anayeuza genge au kuendesha bajaji anaweza kufika, na wajumbe wapewe mafunzo mafupi ya kusoma bajeti. Wajumbe wanaotoka mbali kwenye vituo shikizi warudishiwe nauli kutoka fedha za halmashauri, isitoke kwenye hela ya uji.

Tano, kiongozi wa chama chochote cha siasa, kuanzia ngazi ya tawi, asiwe mjumbe anayewakilisha wazazi kwenye kamati hizo. Ndiyo, hata wa chama chetu.

Sita, pawe na njia ya rufaa. Kamati ikigongana na mwalimu mkuu, mgogoro usikilizwe na halmashauri ndani ya siku zinazojulikana na jibu litolewe kwa maandishi, lenye sababu.

Na sisi je?

Dai la tano limeshaleta maneno ndani ya jumuiya yetu kabla hata sijaliandika. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Dada, sasa tukijizuia wenyewe, tutashinda vipi?" Jibu langu ni hili. Tukiingia kwenye kamati za shule na kadi zetu mfukoni kama walivyoingia wao, mzazi ataona wezi wawili wanagombania ndoo moja ya uji. TAPA ilimezwa na chama. Hatuwezi kuilaani historia hiyo mchana na kuirudia usiku.

Lakini kujizuia kushika kiti si kukaa pembeni. Kazi ipo nyingi na ni yetu. Wewe uliye chuo cha sheria, msaidie jirani kuandika barua ya kuomba taarifa za mapato na matumizi. Wewe uliyesoma uhasibu, kaa na wazazi watano uwafundishe kusoma karatasi ya matumizi. Wewe mwenye mtoto au mdogo wako darasani, hudhuria kikao, andika muhtasari wako mwenyewe, omba nakala ya ule wa shule, linganisha. Wewe mwalimu wa kujitolea, waambie wazazi ukweli kuhusu posho yako. Wewe diwani wetu, mmoja kati ya wachache mlioponea, peleka hoja ya ubao wa matangazo kwenye baraza la halmashauri kikao kijacho. Itakataliwa. Ipeleke tena, na kumbukumbu za baraza zibaki zinaonyesha nani alikataa wazazi wasione hesabu za uji.

Muhula mpya ukianza mwezi Januari kutakuwa na vikao vya wazazi karibu kila shule. Kabla ya hapo tutaandaa barua ya mfano ya kuomba taarifa na maswali kumi ya kuuliza kikaoni, bila nembo ya chama, ili mzazi yeyote atumie. Chapeni, sambazeni misikitini, makanisani, sokoni na vijiweni. Na siku ya kikao, karatasi ya mahudhurio ikikufikia, andika jina lako, weka saini, halafu pembeni andika neno moja: "nimefika".